Tini za Ukuta wa Jikoni

Tini zangu za kwanza nilizichuma zikiwa ndogo kama goroli, nikazimwagia mafuta ya taa, nikazichoma moto nyuma ya choo, kisha nikanawa mikono kwa sabuni ya mche. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sitazitaja hapa, ila Biolojia nilifaulu, jambo linalozidisha aibu. Kujitetea naweza. Miezi ile bwana shamba alikuwa akipita nyumba kwa nyumba hapa Kibondo kutuonya juu ya mnyauko wa migomba: ukiona kitu usichokielewa kwenye mmea usikionee huruma, kata, choma, osha panga. Tulikata mpaka tukanogewa. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, nilipoona vinundu vya kijani vimejitokeza kwenye makwapa ya majani ya mti wa Bi Zaina, bila ua, bila nyuki, bila hodi, sikuuliza mtu. Niliona ugonjwa, nikafanya kazi ya taifa.

Bi Zaina, nesi wa hospitali, alikuwa mpangaji kwenye nyumba tuliyokuwa tunakaa. Alirudi kutoka zamu akiwa na sare yake nyeupe na mkoba begani, akapita nyuma kuangalia mti wake kama alivyofanya kila siku. Alikuja mlangoni pa jikoni, nikiwa nimejiinamia juu ya sufuria ya maharage.

"Filimoni. Watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani tena, Bi Zaina?"

"Waliokuwa kwenye mti."

"Aa, ule ugonjwa? Nimeshaumaliza. Nimeuchoma wote, hata kimoja sijabakisha."

Akakaa kwenye kinu, akavua viatu, akakanda vidole vya miguu. "Ugonjwa," alisema. "Tini hizo, we bwana! Nimeutoa ule mti Lushoto ukiwa kijiti, nikaupakata kwenye basi siku mbili, nikasubiri mwaka na nusu, wewe unanichomea!"

"Mbona haukutoa maua?"

"Maua yake yamo ndani ya tunda. Ulitaka yatoke nje yakusalimie?"

Wiki tatu zilizopita binti wa Bi Zaina alinipigia simu kutoka Lushoto kunieleza kwamba mama amefariki, wamemzika siku ileile kwa taratibu zao, na kwamba katika ugonjwa wake alinitaja. Nilidhani ataniambia jambo zito. "Alisema tukuulize kama bado unachoma tini," binti akasema, akacheka, kisha akalia, na mimi huku nikafanya vilevile kwa mpangilio uleule. Nilipokata simu nilitoka nikasimama chini ya mti. Nina mvi sasa, na kitambi ambacho mke wangu anakiita mpangaji asiyelipa, na bado naishi kwenye nyumba ileile. Watu wa rika langu wamefika Mwanza, Dar, wengine Afrika Kusini. Mimi nimefika ukuta wa jikoni. Mwaka ule ndio niliopigania haki ya kutofika mbali zaidi, na silaha yangu ilikuwa blanketi, unyoya wa kuku na chupa ya mawese.

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vya matofali ya kuchoma. Bi Zaina alikuwa na viwili vya mbele, vyenye pazia la maua, meza ya kitambaa cha kufuma na harufu ya udi iliyochanganyika na ya dawa ya hospitali. Mimi nilikuwa na kimoja cha nyuma, chenye kitanda na madaftari niliyoyatunza kana kwamba yatakuja kuulizwa. Cha nne kilikuwa stoo. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake uani, nacho cha matofali, na hapo ndipo nilipoishi kwa kweli. Kaka yangu Adolfu, mwenye nyumba, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kasulu; kila mwezi alinitaka niende nikauze misumari, na kila mwezi nilikuwa na sababu. Mara paa linavuja, mara kuku analalia mayai. Ukweli ni kwamba nilipenda kupika. Nilipenda kupepeta maharage juani, kutwanga sombe, yaani kisamvu, mpaka iwe laini kama uji, kusonga ugali wa muhogo unaovutika, na saa kumi jioni kusikia Bi Zaina akisema, "Leo umetia nini humu, Filimoni?" Mtu anayepika akaulizwa swali hilo haendi kuuza misumari.

Jirani yetu upande wa bustani alikuwa Mama Yuvenali. Familia yake ilivuka kutoka Burundi zamani, wakalima, wakapewa uraia, na kufikia mwaka ule alikuwa Mtanzania kuliko sisi sote, na mzee wa kanisa juu yake. Uzio uliotutenganisha ulikuwa wa minyaa, mrefu kiasi cha kuficha macho lakini si maneno. Aliposikia mti ule ni mtini, alikuja mwenyewe, hakutuma mtu.

"Yemwe Fili! Ni kweli huu ndio ule mti uliolaaniwa kwa kukosa matunda?"

"Ulikuwa na matunda, Mama. Niliyachoma."

"Oya! Hata wewe ulijua. Moyo wako ulijua!" Akakwangua gome kwa ukucha, yakatoka maziwa. "Ona maziwa yake. Huyu ni ndugu wa umuvumu, mkuyu wetu wa Burundi. Kwetu umuvumu ulipandwa mbali, kwenye maboma ya wakubwa, si kwenye ukuta wa jiko. Mizizi yake itanyanyua hii nyumba. Laana kwanza, halafu ufa."

Bi Zaina alikuwa akianua nguo. "Kwetu sisi, Mama Yuvenali, mti huu Mungu kauapia."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu Waislamu."

Mama Yuvenali alifikiri kidogo. Alimheshimu Bi Zaina, kwa kuwa ndiye aliyemzalisha binti yake. "Basi ukae upande wa kwenu," alisema. Nikabaki katikati ya laana na kiapo, mwiko mkononi, nikajiona nimekuwa mtu mkubwa ghafla.

Habari haikuchelewa kufika Kasulu. Pasaka ilipokuja, Kaka Adolfu alishuka kwenye basi na futi ya kupimia mfukoni. Tulikula kuku na ndizi, yeye, mimi na Bi Zaina, na Mama Yuvenali aliyekuja kutusalimia akakubali bawa. Kaka alifuta mikono akaenda uani, akapima ukuta wa jiko, akaandika kwenye kiganja. Alitaka kubomoa kibanda ajenge vyumba vitatu vya kupangisha, kwa kuwa walimu na maofisa walikuwa wakihamishiwa huku kila siku bila pa kulala. "Mti unatoka," alisema. "Na wewe bwana mdogo unakuja Kasulu. Mtu mzima na cheti chake hawezi kukaa anachochea kuni."

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza mara nyingi maishani na haikuniletea hasara. Lakini siku ile Mama Yuvenali aliongeza, akiwa bado na mfupa wa bawa mdomoni, "Afadhali, maana mti wenyewe hauna uzazi," na Kaka akacheka, na nikasikia sauti yangu ikisema: "Utazaa! Sikukuu ya Mavuno nitapeleka tini kanisani. Kubwa kama yai la bata. Na tamu!"

"La bata?" Kaka aliuliza.

"La bata."

Bi Zaina alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kaka alinyoosha mkono juu ya sahani ya mifupa. "Mama Yuvenali ni shahidi. Ukileta tini kama yai la bata, na mimi nikaila nikaona tamu, jiko libaki, mti ubaki, na wewe ukae humu mpaka uote mizizi. Usipoleta, Jumatatu yake nakata mti kwa mkono wangu na tunapanda gari wote." Tukapeana mikono. Wageni walipoondoka Bi Zaina akaniambia, "Sikukuu ya Mavuno ni mwisho wa mwezi wa nane. Unajua hapa katikati kuna nini? Kuna baridi. Hata kwa shangazi yangu Lushoto, tini za kipindi cha baridi hazizidi ndimu, na haziivi. Ungesema yai la njiwa, Filimoni. Njiwa naye ana mayai."

Anayetoka mikoa ya joto akisikia baridi ya Kibondo hucheka, mpaka alale hapa mwezi wa saba. Mchana jua linawaka na anga ni safi, lakini jua likizama ardhi inapoa kama chai iliyosahauliwa, na asubuhi vidole havifungi kifungo. Tini haifi kwa baridi hiyo. Inagoma tu, inakaa mtini ngumu na ya kijani, kama mtu aliyeambiwa akauze misumari. Niliuelewa mti ule kuliko nilivyowahi kuelewa Hesabu.

Tukaanza kazi. Bi Zaina alikuwa na maneno ya shangazi yake, akiyakumbuka kidogokidogo na bila mpangilio, mengine akiwa ameshaingia kazini hospitalini, akanipigia kwa simu ya mwenzake. Kwanza nilipunguza matawi, nikabakiza manne, nikayafunga yalale juu ya ukuta kama mtu aliyeegemea akiota jua. Bahati ukuta ule ulitazama kaskazini, ambako ndiko jua letu hupita kiangazi, na matofali yaliyochomwa yakishika joto la mchana hayaliachii upesi. Majani ya tano na sita yalipochipua kwenye kila tawi nikakata ncha, ili nguvu irudi kwenye matunda. Mikono ikaniwasha kwa ule utomvu, na kwa kuwa niliisahau nikajifuta mdomo, midomo ikavimba, nikaonekana kwa siku tatu kama mtu aliyepigwa na wanaume wawili. Majivu ya jikoni niliyatia shinani, maji ya kuoshea vyombo vilevile, na nyasi kavu nikatandaza chini ili unyevu usikimbie. Mwezi wa tano vinundu vilirudi. Nilivihesabu thelathini na moja, nikaimba.

"Toa," alisema Bi Zaina.

"Nitoe nini?"

"Ukitaka kubwa, bakiza chache. Safari hii nakuruhusu kuchoma."

Kutoa tini ishirini na mbili kwa mkono uleule uliozichoma za kwanza ni jambo lililonitesa kuliko mtihani wowote. Zikabaki tisa. Niliziogopa zile tisa. Kuzumburu, wale ndege wa mkia mrefu wanaotembea kwa kundi na kula kila kitu, walipoanza kukaa kwenye minyaa kuzitazama, nilishusha chandarua changu kitandani nikakivika mti. Nikapata malaria. Tini hazikupata. Bi Zaina alinitundikia dripu chumbani kwangu, chupa ikining'inia kwenye msumari wa kalenda, akasema ameuguza wagonjwa wengi lakini huyu ni wa kwanza kuumwa kwa niaba ya mti.

Mwezi wa saba ukaingia, tini zikasimama. Zilikuwa zimefika ukubwa wa ndimu, kama ilivyotabiriwa. Hapo ndipo nilipotazama jiko langu kwa macho mapya. Mafiga yalikuwa katikati ya chumba. Niliyahamisha yakae chini ya ukuta ule wenyewe ulioegemewa na mti upande wa nje. Nikaanza kupika maharage, na maharage yana sifa hii, kwamba hakuna anayeweza kukulaumu kwa kuyachemsha siku nzima. Niliweka chungu asubuhi, nikaacha magogo yamung'unye moto taratibu mpaka jioni, kisha nikafukia makaa kwa majivu, na matofali yakabaki na joto kama ubavu wa ng'ombe. Jioni niliufunika mti kwa blanketi langu la shuleni, lile la kijivu lenye mistari, asubuhi nalivua. Tulikula maharage kwa ugali, maharage kwa ndizi, maharage yenyewe kwa yenyewe. Wiki ya tatu Bi Zaina aliweka kijiko chini akasema, "Mwanangu, mti ushibe lakini na sisi tupumue."

Kutoka jikoni nilisikia kila kilichosemwa upande wa pili wa minyaa. Mama Yuvenali alikuwa akitwanga na rafiki yake mmoja wa kwaya.

"Sha, blanketi kabisa?"

"Blanketi kabisa. Anaufunika kama mwana. Asubuhi anaufunua, anaupa habari za asubuhi."

"Na yeye mwenyewe anajifunika nini?"

"Gunia. Kijana wa fomu foo!"

Wakacheka mpaka mtwangio ukasimama. Nilitoka na mwiko wangu nikasimama karibu na uzio. "Mama Yuvenali, mwakeye!" nilisema kwa Kiha, kwa sauti ya kanisani. "Mti umeniambia niwasalimie. Unasema umelala salama." Kikaja kicheko kikubwa zaidi, lakini nilikwisha kuamua. Walichokuwa wakikicheka hawakukielewa, na mimi nilikuwa nacho: kila asubuhi nilizipima kwa uzi wenye fundo, na tini zilikuwa zinasogea. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kukaa mahali pamoja kwa uvivu, au anaweza kukaa kwa vita. Nilikuwa vitani, kwa nguo za kulalia.

Wiki moja kabla ya Sikukuu zilikuwa kubwa. Yai la kuku, labda zaidi. Lakini ngumu kama jiwe, kijani kama siku ya kwanza. Bi Zaina alizibonyeza moja moja kwa kidole kama anavyobonyeza tumbo la mjamzito, akatikisa kichwa. "Bado mwezi," alisema. "Mimi nakuamini, ila bado mwezi." Nilianza kuwaza duka la Kasulu, harufu ya bati jipya, na nani angekuja kulala kwenye jiko langu likishageuzwa chumba namba tatu. Kisha kesho yake, akiwa amefika getini tayari kwenda kazini, akageuka akaniita kwa sauti ya mtu aliyeungua.

"Mafuta! Filimoni, mafuta! Shangazi alikuwa anazipaka mafuta kwenye jicho!"

Tini ina kitundu kidogo chini, mkabala na kikonyo; hilo ndilo jicho. Shangazi alitia tone la mafuta ya nazi hapo, si mapema na si kwa tini changa, na baada ya siku kama tano au saba tini ilijaa na kulainika. Nazi Kibondo mwaka ule hatukuwa nayo, na ya nini, mtu akiwa mkoa wa Kigoma? Nilichukua chupa ya mawese, nikachovya unyoya wa kuku, nikapaka macho tisa kwa tone jekundu kila moja, taratibu kama askofu. Siku ya tatu hakuna. Siku ya nne rangi iligeuka kidogo, kijani kikaingia zambarau. Siku ya tano nilipovua blanketi zilikuwa zimeinama shingo, zimevimba, ngozi imeanza kupasuka michirizi myeupe, na kwenye jicho la moja lilining'inia tone kama la asali. Sikupiga kelele. Niliingia jikoni nikakaa juu ya kinu, nikaziba uso kwa khanga ya kufutia vyombo.

Jumamosi, siku moja kabla, zilikuwa saba.

Nilihesabu mara nne. Mbili kubwa za chini hazikuwepo, zimekatwa vizuri kwenye kikonyo, na chandarua kilikuwa kimefungwa tena. Nilitukana kuzumburu wote wa wilaya, nikawatukana hata wa kijiji cha Kitahana ambao hawakuhusika. Bi Zaina alisikiliza mpaka nikamaliza, akashika ule mshipi wa chandarua. "Ndege gani huyu anafunga fundo?" aliuliza. Nikataka kwenda kulala chini ya mti kwa siku iliyobaki. Nililala kweli, kwenye mkeka, mchana kutwa, na hapo ndipo Kaka Adolfu aliponikuta aliposhuka na panga lake jipya la dukani, bado lina karatasi.

Niwe mkweli, basi: ufa upo. Miaka imepita na mizizi imefanya kama alivyosema Mama Yuvenali. Ukuta wa jiko umepasuka kutoka chini mpaka usawa wa kifua, nami nimeutundikia kalenda. Bi Zaina alihamishwa mwaka uliofuata, akaondoka na vijiti sita vilivyofungwa kwenye gazeti bichi. Vingine nimevigawa mimi. Viko Kitahana, viko Kasanda, na mama mmoja Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu ana mti wake kwenye debe nyuma ya nyumba ya udongo. Tini anaziita figi, na mti anaulaza juu ya ukuta kama nilivyomwonyesha. Mimi nisiyesafiri nimetuma miti kila mahali.

Sikukuu ya Mavuno kila nyumba hupeleka mbele malimbuko yake: gunia la mahindi, mkungu, kuku aliyefungwa miguu. Wazee wa kanisa hupokea, hutaja jina la mwenye sadaka, na watu hupiga vigelegele kadiri ya sadaka au kadiri wanavyokupenda. Niliingia na tini saba kwenye ungo juu ya jani la mgomba. Bi Zaina alisimama nje dirishani na ushungi wake, akichungulia. Mpokeaji siku ile alikuwa Mama Yuvenali. Alipouona ungo wangu alitulia, na kanisa zima likatulia naye, kwa sababu kila mtu alijua laana na kila mtu alijua yai la bata. Alinitazama. Kisha akaunyanyua ungo juu ya kichwa, akaita, "Filimoni! Tini!" na kigelegele cha kwanza kilitoka kinywani mwake mwenyewe, kirefu, kikapokewa na wengine.

Nje baada ya ibada Kaka hakukwepa. Alikuwa amekuja na yai la bata, limefungwa kwenye leso. Aliliweka kwenye ungo kando ya tini. Tini ilikuwa kubwa zaidi, si sana, lakini hata mwenye duka la misumari aliona. Akaichana katikati, ndani nyekundu kama nyama, akaila pole pole, mbegu zikilia kwenye meno, watu wamemzunguka wakimtazama koo. Akala nusu ya pili. Akalamba kidole gumba. "Vyumba nitajenga upande wa barabara," alisema, akanikabidhi panga. "Hili utakatia kuni."

Nilikuwa natafuta neno la ushindi, nilikuwa nimeliandaa tangu Pasaka, wakati Mama Yuvenali aliponipita akielekea nyumbani, kiti chake kichwani, wala hakusimama.

"Zile mbili za jana nilikula mimi," alisema. "Ni tamu. Sasa lile blanketi lifue, linanuka mpaka kwangu."